Nywele za Kusukwa na Mama

Kila Jumamosi jioni, akishamaliza kufua na kuanika, Nasike aliketi kwenye kigoda mlangoni pa chumba chake, Kariobangi jijini Nairobi, akajishika kichwa. Kichwa hakikuwa kinauma. Alikuwa anamkumbuka mama yake.

Mama alikuwa Kimilili, mbali. Zamani Jumamosi ilikuwa siku ya nywele. Nasike aliketi chini, kichwa katikati ya magoti ya mama. Mama alimsuka kwa uzi mweusi huku akimsimulia habari za kijiji kizima, na za uongo zikiwemo. Sasa macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu. Hata hivyo, kila Desemba Nasike alipokwenda nyumbani, mama bado alitoa uzi wake.

"Mimi nasuka kwa vidole, sisuki kwa macho," alisema.

Lakini Desemba iliyopita, uzi ulikataa. Nasike alikuwa ametia dawa ya kulainisha nywele, na kila mama alipofunga, uzi uliteleza. Mwishowe mama aliuweka chini.

"Nywele hizi sizijui," alisema polepole.

Nasike alirudi Nairobi na maneno hayo. Yalimkaa moyoni miezi mingi. Alitamani kusukwa na mama tena, hata mara moja tu, kabla ukungu ule haujayaziba macho yake kabisa. Akawaza, akapata wazo: nywele zikiwa ndefu zaidi, uzi utapata pa kushika. Na zikilainishwa zaidi, si zitakuwa ndefu? Mtu mwenye hamu hujidanganya upesi.

Basi siku moja ya Agosti, mwaka wa 1996, Triza wa chumba cha pili alikuja na kopo la dawa. Triza alikuwa na roho nzuri. Ujuzi ndio uliopungua. Nasike naye alikuwa amefumua rasta, zile nywele bandia alizosukiwa, asubuhi hiyo hiyo, akajikuna mpaka akaridhika.

"Inaniwasha, Triza!"

"Vumilia bana. Ikiwasha ndio inashika."

Nasike alimfikiria mama, akauma meno, akavumilia. Kufika Jumatano, nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana kwa mafungu. Nyuma ya sikio palikuwa na kidonda. Triza alipoona, alilia kumshinda mwenye kichwa.

"Twende kwa Kavinya," alisema. "Yeye amesomea hii kazi."

Saluni ya Kavinya ilikuwa karibu na soko. Ilikuwa na viti viwili, kioo kimoja na karai la maji moto.

"Sasa, Kavinya," alisalimu Triza.

"Poa. Karibu kiti, Mama Bwire," Kavinya alimwambia Nasike, kwa maana mtoto wa Nasike aliitwa Bwire.

Nasike alifungua kitambaa chake. Kavinya hakushika mkasi. Alianza kwa maswali.

"Ulitia dawa lini? Kabla ya hapo ulikuwa umesuka nini? Ulijikuna?"

Nasike alijiona kama yuko kortini, lakini alijibu yote.

"Leo sikukati," alisema Kavinya. "Dawa ya nywele haitiwi kwenye ngozi iliyochubuka. Ukifumua rasta, pumzisha kichwa wiki mbili. Na ikianza kuwasha, haishiki. Inachoma! Unaiosha papo hapo kwa maji mengi."

Triza alitazama sakafu.

"Enda kliniki kidonda kitibiwe. Kikipona, rudi."

Nasike alishangaa. Alikuwa hajapata kuona mfanyabiashara wa Kariobangi akimfukuza mteja. Lakini alikwenda kliniki, na baada ya wiki tatu alirudi kichwa kikiwa kimepona.

Kavinya alimfunga taulo safi shingoni. Kisha alipangusa mkasi na mashine ya kunyoa kwa spiriti, mbele ya macho yake.

"Saluni yoyote utakayoingia, angalia hili," alisema. "Usipoliona, uliza. Usione haya, kichwa ni chako. Na wembe uliomkata mtu mwingine usikuguse kamwe."

Alimpa kioo cha mkono.

"Sasa tazama. Naweza kupunguza ncha peke yake, kidogo kidogo kila mwezi. Utabaki na urefu, lakini zilizoungua zitaendelea kukatika. Au nikate zote leo, ziote upya."

"Nisukie rasta juu yake, zifichike."

"Hapana. Rasta ni nzito. Itazing'oa hata hizo zilizobaki."

Nasike alishusha kioo.

"Kwetu mwanamke hunyolewa akifiwa," alisema. "Mama haoni vizuri. Atanigusa afikiri ni matanga. Na mimi nilitaka anisuke, Kavinya. Nilitaka hilo tu."

Kavinya aliweka mkono begani mwake.

"Utakwenda lini?"

"Krismasi."

"Nywele huota karibu nusu inchi kwa mwezi. Anayekuuzia mafuta ya miujiza anakudanganya. Kufika Krismasi zitakuwa hivi." Alionyesha upana wa vidole vitatu. "Osha kila baada ya wiki moja au mbili. Paka mafuta kidogo. Chana zikiwa na unyevu, ukianzia nchani. Dawa, usitie."

Nasike alijitazama kwenye kioo. "Kata," alisema.

Machozi yalimtoka bila aibu. Mkasi ulipomaliza, mashine ilipita, na kichwa kikabaki chepesi. Njiani upepo ulimpiga kisogoni, na hamu ya mama ikamzidi.

Septemba ilipita, na Oktoba, na Novemba. Nasike alifuata yote aliyoambiwa. Hata Triza alilitupa lile kopo.

Krismasi ilipofika, Nasike aliketi chini mbele ya mama, uani Kimilili. Vidole vya mama vilishuka kichwani, vikasimama ghafla.

"Umenyolewa! Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Wote wazima. Niliziunguza kwa dawa. Zilikatwa, hizi zimeota upya. Ni fupi. Pengine hutaweza kuzisuka."

Vidole vya mama vilitembea polepole, kutoka paji la uso hadi kisogoni. Kisha alitoa uzi, akatenga fungu dogo la nywele, akazungusha, akafunga.

Uzi haukuteleza.

"Fupi?" alisema mama. "Nilianza kukusuka zikiwa fupi kuliko hizi." Akatenga fungu la pili. "Hizi nazijua."

Nasike alifumba macho, machozi yakamlowesha mashavu.

"Tulia basi, usitikisike," mama alisema, akaanza kumsimulia habari za kijiji kizima.