Kipimo Nacho Hupimwa

Kazi yake ilikuwa kunyoa watu. Ugonjwa wake ulikuwa redio. Akimaliza kichwa cha mteja wa mwisho, kinyozi alifunga kibanda chake na kurudi nyumbani moja kwa moja, kwenye meza yake ya pembeni. Pale palijaa redio zilizofunguliwa, vipande vya nyaya, na kipimo chake cha umeme. Majirani walimwita Injinia. Walikuwa wanamtania, lakini yeye jina lilimkaa vizuri.

Kipimo kile kilikuwa cha njano, kikubwa kidogo kuliko kiganja. Kilikuwa na kioo cha kuonyesha namba. Kilikuwa pia na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zenye ncha za chuma. Ukigusisha ncha zile kwenye betri, kioo kinakuonyesha betri ina nguvu kiasi gani. Kinyozi alikipenda kipimo chake kama mboni ya jicho. Ili watu wasikichezee, alibandika plasta kwenye kona ya kioo na kuandika kwa kalamu: USIGUSE.

Watoto walikuwa shule za bweni, kwa hiyo nyumbani walikuwa watatu. Alikuwepo yeye, mkewe ambaye alikuwa mshonaji, na Bibi, yaani mama yake kinyozi.

Bibi alikuwa na pumu. Kifua kikimbana, walimwekea mashine ndogo inayogeuza dawa kuwa mvuke. Mashine ilitumia umeme wa nyumba. Umeme ukikatika, na ulikuwa haukawii kukatika, ilitumia betri kubwa iliyokaa chini ya dirisha.

Kila asubuhi kinyozi aliipima betri ile.

"Kumi na mbili nukta tisa!" alitangaza. "Imejaa pomoni. Hakuna haja ya kuichaji."

"Mbona juzi mashine ilikuwa inanguruma kwa uchovu?" mkewe aliuliza.

"Mama watoto, wewe shona. Mambo ya volti niachie mimi."

Mke alirudi kwenye cherehani. Alikuwa na nguo tano za kumaliza.

Jumanne, saa nane mchana, umeme ulikatika. Kinyozi alikuwa kibandani. Kifua cha Bibi kilikuwa kimeanza kupiga filimbi. Mke aliunganisha mashine kwenye betri haraka. Mashine ikanguruma kidogo, ikalegea, ikanyamaza kabisa.

Bibi alishika mikono ya kiti. Mabega yalipanda na kushuka. Alitaka kusema neno, pumzi ikakataa.

Mke alimpa dawa yake ya kuvuta ya mkononi. Ilisaidia kidogo tu. Basi hakungoja. Alipiga kelele, majirani wakaja, na kinyozi akafika mbio akiwa na nywele za mteja kwenye aproni. Walimpeleka Bibi zahanati kwa gari la jirani.

"Mmefanya vizuri kuja mapema," nesi aliwaambia. "Dawa ya mkononi isipotosha, msikae nyumbani kusubiri."

Jioni Bibi alirudi. Alikuwa amechoka, lakini anapumua vizuri.

Asubuhi kinyozi aliipima betri tena. Akakunja uso.

"Kumi na mbili nukta moja. Imeshuka! Jana asubuhi ilikuwa imejaa. Saa nane imekufa. Hapo katikati nani alikuwa nyumbani?"

"Mimi na mama," mke alijibu.

"Basi uliwashia televisheni. Tamthilia zako hizo!"

"Sijaigusa hiyo betri."

"Kipimo hakina sababu ya kunidanganya."

Mke aliweka chini kitambaa alichokuwa anashona. Maneno yale yalimchoma. "Kwa hiyo mwongo ni mimi? Miaka kumi na tisa ninamtunza mama yako. Leo hii nimetaka kumuua kwa ajili ya tamthilia?"

"Mwanangu," Bibi alisema kutoka kitandani, "huyu hakuwasha kitu. Mimi nilikuwepo."

"Mama, ulikuwa umelala."

"Kifua ndicho kinachoumwa, siyo macho."

Kinyozi hakusikia. Alisimama na kipimo chake mkononi, amekasirika kama askari aliyekamata mwizi. Mke naye alikuwa analia waziwazi. Aliogopa jambo moja. Bibi akibanwa tena na betri ikazima, lawama yote itakuwa yake.

"Hodi!" sauti iliita mlangoni. "Nimekuja kumpa pole mgonjwa."

Alikuwa jirani yao wa nyumba ya tatu. Kazi yake ilikuwa kutunza vifaa vya maabara katika shule ya sekondari, kwa hiyo wote walimwita Mama Maabara. Alimsalimia Bibi. Kisha akaona machozi ya mshonaji.

"Kuna nini hapa?"

Kinyozi akamweleza yote, namba kwa namba. Mama Maabara alisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, hicho kipimo chenyewe kilipimwa lini?"

Kinyozi akacheka. "Kipimo kinapimwa? Ndicho kinachopima!"

"Shuleni hatuamini kipimo mpaka kwanza kipime kitu tunachokijua. Ngoja."

Alikwenda dukani, akarudi na betri mpya ndogo, zile za saa ya ukutani.

"Betri hii imeandikwa volti moja na nusu. Ikiwa mpya huzidi hapo kidogo tu, kama moja nukta sita. Haya, pima."

Kinyozi alipima. Kioo kikaonyesha moja nukta nane mbili. Alifuta ncha kwa shati, akapima tena. Namba haikubadilika.

"Labda betri hii ni nzuri sana," alisema.

"Haiwezi kuwa nzuri kiasi hicho," Mama Maabara alijibu. "Hebu tubandue hii plasta."

"Hiyo imeandikwa usiguse!"

"Basi bandua mwenyewe."

Kinyozi aliibandua. Chini yake, kwenye kona ya kioo, kulikuwa na alama ndogo ya betri. Ilikuwa inawaka.

"Kipimo hiki kina betri yake ndani," Mama Maabara alieleza. "Hiyo alama inasema betri imechoka. Kipimo cha namna hii betri yake ikichoka, mara nyingi hakizimi. Kinaendelea kutoa namba, lakini namba zinakuwa kubwa kuliko ukweli."

"Ikichoka si namba zingeshuka?" kinyozi aliuliza.

Mshonaji alijifuta machozi. Alishika utepe wake wa kupimia uliokuwa shingoni.

"Hata mimi nimeelewa," alisema. "Utepe huu ukinywea, nikipima nao kitambaa cha mita tatu, utanisomea mita tatu na zaidi. Kitambaa hakijaongezeka. Utepe ndio umepungua."

"Hapo hapo!" Mama Maabara akapiga makofi. "Betri ya ndani ndiyo utepe wa kipimo."

Kinyozi alikaa chini.

Mama Maabara alimwelekeza hatua kwa hatua. Kwanza kinyozi alizima kipimo. Pili alichomoa nyaya zote mbili. "Usifungue mgongo wa kipimo nyaya zikiwa zimeshika umeme. Utarushwa." Kisha alifungua skrubu, akatoa betri ya zamani, akaweka mpya kutoka kwenye meza yake ya redio.

Akapima tena ile betri ya saa. Moja nukta tano nane. Akapima betri kubwa ya dirishani.

"Kumi nukta tano," alisoma polepole.

"Imekwisha kabisa," alisema Mama Maabara. "Na ile kumi na mbili nukta tisa ya jana ilikuwa kama kumi na moja tu. Haikuwa na kitu. Kila siku ilipungua, na kila siku kipimo kilikuficha ukweli. Wewe ukaacha kuichaji."

Kinyozi alimgeukia mkewe.

"Mama watoto, nilikusingizia. Ulinionya kuhusu mashine, nikakwambia ushone. Nisamehe."

"Nimesikia," mke alisema. Hakutabasamu. "Nitakusamehe. Siyo leo."

"Muombe na mama yako," Bibi aliongeza. "Umesema nilikuwa nimelala."

Siku ile ile betri ilipelekwa kwa fundi. Ilichajiwa usiku kucha na ikapona. Plasta ilitupwa. Kila Jumamosi kinyozi alikipima kipimo chake kwa betri mpya. Na alimfundisha mkewe kupima, kuzima baada ya kutumia, na kuitazama ile kona ya kioo.

Wiki tatu baadaye, umeme ulikatika saa kumi alasiri. Kifua cha Bibi kilianza kubana. Kinyozi aliingia mbio kutoka kibandani, anahema kuliko mgonjwa.

"Betri ikoje?"

"Nimepima asubuhi," mke alisema huku akimvalisha Bibi barakoa ya dawa. "Kumi na mbili nukta saba."

Kipimo kilikuwa mezani, karibu na mkono wa kinyozi. Hakukichukua. Alikwenda kukaa kando ya mama yake, akamshika mkono. Mashine ilinguruma sawasawa, dakika tano, dakika kumi, mpaka dawa ikaisha. Bibi alivua barakoa, akavuta pumzi ndefu, akamtazama mwanawe.

"Leo umemwamini," alisema.