Komeo la Majengo

Haya yalimkuta rafiki yangu Waruguru kule Majengo, miaka ya sabini. Kaka yake, Gachanja, aliiuza nyumba ya marehemu mama yao kisirisiri, akidai dada ameridhia, nayo ikabomolewa. Jioni Waruguru akaenda kuokota japo komeo la mlango. Alilipata kwenye kifusi giza likiingia, akalishika mkononi, akasimama pale palipokuwa na mlango.

“Hodi, mama,” akaita kwa mazoea. “Ni mimi.”

Patipati za mama zikasikika zikiburuzwa gizani, zikaja hadi mbele yake, zikasimama.

“Mama, mimi sikuridhia! Gachanja alidanganya!”

Kisha akasikia komeo likisukumwa kwa ndani, kraa, vile mama alivyomfungia mtu aliyemkosea.

Komeo lenyewe alikuwa bado amelishika.