Kibati cha Domina

Mtu akifika Mabwerebwere, mjini Kilosa, hahitaji kuuliza fundi Domina anakaa wapi. Anafuata mlio wa nyundo. Nyundo ikipiga harakaharaka, huyo ni Domina. Ikipiga taratibu, ikasimama, ikapiga tena, huyo ni baba yake, Mzee Anselmi, na hapo ujue anapiga soga.

Mwaka huo, 1996, kazi zilikuwa nyingi. Zamani kupata baiskeli mpya kulihitaji kibali na kujuana na watu. Sasa biashara zilikuwa zimefunguliwa, na maduka yalijaa baiskeli kutoka China na India. Zilikuwa na rangi za kupendeza, lakini spoku zake zilikuwa laini kama tambi. Zikiuzwa Jumatatu, Ijumaa ziko kwa Domina.

Domina alijifunza ufundi kwa baba yake. Mzee Anselmi alikuwa fundi wa karakana ya reli tangu ujana wake mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Baba yake Anselmi naye aliletwa Kilosa na reli hiyohiyo. Ukiwauliza kabila lao, kwanza watakujibu, "Sisi ni watu wa reli."

Mume wa Domina aliitwa Beda. Kwao ni Vidunda, kule milimani, ambako gari halipandi. Mgonjwa wa Vidunda huteremshwa kwa machela ya miti, wanaume wakipokezana mabegani, mpaka barabarani. Hapo ndipo hupata gari la kumpeleka hospitali Mikumi. Dada yake Beda, Costancia, aliwahi kuteremshwa hivyo akiwa na uchungu wa kuzaa. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa na utelezi. Wabebaji wakaanguka. Costancia alipona, mtoto hakuishi.

Domina alikwenda kwenye ule msiba. Aliporudi Kilosa alianza kukusanya mabomba ya chuma.

Alikata, akachomelea, akabomoa, akaanza upya. Beda alikuwa akirudi kutoka shambani Chanzuru na kumkuta mkewe amekaa chini, anatazama gurudumu.

"Mke wangu, hilo gurudumu linakwambia nini?"

"Linaniambia ugali bado. Ingia jikoni usonge."

Na Beda alikuwa akisonga.

Hatimaye kilitoka chombo. Kilikuwa machela ya gurudumu moja, la baiskeli. Mtu mmoja anashika mbele, mmoja nyuma. Kitanda cha mgonjwa hakikufungwa kwenye fremu. Kilining'inia kama bembea. Fremu ikiinama mteremkoni, kitanda kinabaki sawasawa. Uzuri wenyewe ulikuwa hapa: fremu ikiinama, waya uliofungwa kitandani na kupita ndani ya bomba unavutwa na kubana breki. Mteremko ukizidi, breki inazidi kubana, bila mtu kuigusa. Njia ikinyooka, breki inaachia yenyewe.

Costancia alipopata ujauzito mwingine, machela ilikuwa tayari Vidunda. Uchungu ulipomshika, waliteremka naye njia ileile. Alifika barabarani amelala, akafika Mikumi, akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kukera wodi nzima. Wakampa jina la Domina.

Habari zilifika Kilosa kabla Beda hajarudi kutoka Vidunda. Mzee Anselmi alivaa kofia yake ya zamani ya kazini, akaizunguka machela ya pili ambayo Domina alikuwa ameitengeneza uani. Hakusifu. Mafundi wa reli hawasifu ovyo. Alisema tu, "Sasa tuifungue."

Hiyo ilikuwa desturi ya karakana. Fundi akibuni kitu kipya, aliwaita wenzake, akakifungua mbele yao, nati kwa nati. Wenzake walishika kila kipande, wakauliza, wakapima. Wasipoona kasoro, kazi ilipokewa na fundi alipewa mkono. Mtu aliyekataa kufungua kazi yake alihesabika ana kitu anaficha.

"Jumamosi," alisema mzee. "Nitawaita wote. Hata yule kijana Kelvin anayeleta baiskeli kutoka Dar. Alisikia habari, akaniomba aje aone."

Domina alifurahi mpaka akashindwa kumaliza chai yake. Tangu utotoni aliwaona wanaume wakifungua kazi zao na kupewa mkono. Hakuwahi kumwona mwanamke.

Ijumaa jioni aliingia jirani yao, Coletha Budeba. Coletha ni mtu wa Kanda ya Ziwa, na wakati huo alikuwa afisa biashara wa wilaya. Alikuja kuchukua baiskeli yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kesho usikose. Tunafungua kazi ya Domina."

"Kuifungua vipi?"

Mzee alimweleza. Coletha aliweka baiskeli chini.

"Mzee, naomba msifungue."

Domina aliacha spana.

"Kwa nini, dada Coletha?" aliuliza.

"Umeiandikisha? Una hataza?"

"Hataza ndiyo nini?"

"Ni hati ya serikali. Inasema uvumbuzi huu ni wa fulani. Kwa miaka iliyowekwa na sheria, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuutengeneza au kuuuza bila ridhaa yake. Lakini sharti uvumbuzi uwe mpya. Ukishauonyesha hadharani, namna unavyofanya kazi, unaweza kuambiwa si mpya tena. Na mwingine akiuona, anaweza kukimbilia ofisini kabla yako na kujiandikisha yeye. Hapo utakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba ni wako. Huenda hata ukazuiwa kutengeneza machela yako mwenyewe."

Domina alimfikiria Costancia, na wale wanawake wa Vidunda ambao tayari walikuwa wanaulizia machela nyingine.

"Unataka mwanangu afiche kazi," alisema Mzee Anselmi. Sauti yake ilikuwa ya upole, na Domina alijua kwamba hapo ndipo amekasirika kweli. "Mimi sikuficha kazi maisha yangu yote."

"Sisemi afiche milele, mzee. Hataza yenyewe haitaki ufiche. Ukiomba, lazima ueleze kila kitu na kuchora kila kitu, kiasi kwamba fundi mwingine akisoma aweze kuitengeneza. Maelezo yale baadaye huwekwa wazi kwa watu wote. Ni kufungua kazi kama mnavyofanya nyie. Tofauti ni kwamba kwanza unaandika jina la mwenye kazi."

"Mambo ya Ulaya hayo."

"Ya Ulaya na ya hapa, mzee. Sheria ipo na ofisi ipo Dar es Salaam. Tena hataza tunaishi nazo. Aspirini unayomeza mgongo ukiuma iliwahi kuwa na hataza. Muda wake ukaisha, ndiyo maana leo kila kiwanda kinaitengeneza na bei ni nafuu. Ile kompyuta iliyoletwa ofisini kwetu imejaa hataza, hadi kile kidude cha kushika mkononi kinachoitwa kipanya, kuna mtu alikibuni akakiandikisha. Na treni yako je? Breki zake, pampu zake. Hujawahi kuona vibati vya shaba vyenye namba?"

Mzee Anselmi alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kisha akaenda kulala bila kula.

Domina alibaki amesimama. "Dada, wabebaji wa Vidunda wameiona. Je, nimeshachelewa?"

"Waliiona ikifunguliwa?"

"Hapana. Waya uko ndani ya bomba. Na breki iko ndani ya kikasha, ambacho kwenye machela ile nimekichomelea."

"Basi hujaharibu. Lakini kutumika mbele ya watu kunaweza kuleta maswali. Tuwahi, tena tuwahi sana."

Jumamosi watu walijaa uani. Mafundi wa zamani wa reli walikuja na mashati yaliyopigwa pasi, kila mmoja na spana yake mfukoni, kama desturi ilivyotaka. Kelvin naye alikuja. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye viatu vizuri, na mkononi alikuwa na futi kamba ya kupimia.

"Shikamooni, wazee. Fundi Domina, hongera. Hii kitu ni moto. Dar kuna karakana wataitengeneza hata mia."

Domina aliitazama ile futi kamba. Kumpinga baba mbele ya wenzake lilikuwa jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kuinyamazia kazi yake ipotee, hilo nalo hakuliweza.

Mzee Anselmi alitoka ndani na spana kubwa. Akapiga magoti kando ya machela. Akaiweka spana kwenye nati ya kwanza.

"Baba," alisema Domina. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Baba, nakuomba. Kazi hii ni yangu. Nakuomba leo tusiifungue."

Mafundi walitazamana. Mmoja aliguna, "Ina kasoro nini?"

Mzee hakuinuka. Spana ilibaki kwenye nati. Domina alisubiri aone kama itazunguka.

"Mnaikumbuka pampu kubwa ya karakana?" mzee aliuliza, bado amepiga magoti. "Ilikuwa na kibati cha shaba ubavuni."

"Tunaikumbuka," walisema. "Si ulikuwa unakisugua wewe?"

"Mimi. Kila Jumamosi, kwa mchanga laini na kitambaa, tangu nikiwa kijana mpaka waliponistaafisha. Kilikuwa na maneno ya Kizungu na namba. Nilidhani ni namba ya mashine. Jana nimelala nakifikiria. Lilikuwa jina la mtu. Fundi kama sisi, huko kwao, alibuni ile pampu, akaandika jina lake kwanza. Alishakufa zamani, na mimi nikawa nalisugua jina lake ling'ae." Aliinuka, akiegemea bega la Domina. "Hakuna aliyewahi kusema yule bwana alificha kazi. Mafundi wenzangu, machela hii haina kasoro. Mwanangu hana anachoficha. Leo hatufungui. Tutaifungua siku ikiwa na kibati chake."

Ilimgharimu kusema hivyo. Mafundi walinung'unika kidogo, kisha wakakaa kunywa chai, maana waliahidiwa chai. Kelvin alikunja futi kamba yake, akaaga.

Kazi ya kuandika ilikuwa ngumu kuliko kuchomelea. Coletha alimkalisha Domina mezani.

"Eleza tatizo lilikuwa nini. Eleza chombo kinavyofanya kazi. Chora kila sehemu na uipe namba. Kisha sema wazi ni kipi kipya, kile unachodai ni chako. Usidai gurudumu, gurudumu si lako."

Mzee Anselmi ndiye aliyechora. Mistari yake ilinyooka kama reli. Domina alipanda treni hadi Dar es Salaam na kulifikisha ombi mwenyewe. Alirudi na hati ya kuonyesha tarehe ambayo ombi lake lilipokewa.

"Tarehe hii ndiyo ngao yako," Coletha alisema. "Akija mtu baada ya hapa, wewe ndiye wa kwanza. Sasa hata mkitaka kufungua, mnaweza."

"Nilisema siku ya kibati," alijibu mzee. Hakuna aliyebishana naye.

Jibu halikuja upesi. Mahindi yalivunwa, yakapandwa, yakavunwa tena. Ofisi iliuliza maswali, Domina akajibu. Walikuta kwamba vitanda vya kuning'inia vilikwisha kubuniwa nchi nyingine, na breki za waya ni za zamani. Lakini kitanda kinachobana breki kwa kuinama kwa njia, hilo hawakuliona popote. Hilo lilikuwa la Domina.

Hataza ilipotoka, Kelvin alirudi Mabwerebwere. Safari hii hakuja na futi kamba. Alikuja na mwenye karakana ya Dar, kuomba ridhaa. Coletha aliwasaidia kuandika mkataba: watatengeneza machela, Domina atapata sehemu yake, na kila machela itabeba jina lake. Domina aliongeza sharti lake mwenyewe, kwamba machela za vijiji vya Vidunda atazitengeneza yeye, kwa mikono yake. Wakakubali.

"Na usijisahau," Coletha alimwonya. "Hataza inalipiwa ada yake, na inalinda Tanzania tu. Siku muda wake ukiisha, kila mtu ataruhusiwa kuitengeneza."

"Siku hiyo itakuwa kama aspirini," alisema Domina. "Vizuri. Watu wote wateremke salama."

Basi Jumamosi moja mafundi walirudi uani, wachache kuliko mwanzo, nywele zao nyeupe zaidi. Costancia alikuja kutoka Vidunda na Domina mdogo, ambaye sasa alikuwa anatembea na kumsumbua kila mtu. Domina alivaa khanga mpya, akapiga magoti, akafungua kazi yake. Nati kwa nati. Walishika waya. Walishika pini. Waliuliza, akajibu. Mwisho fundi mkongwe kuliko wote alifuta mkono wake kwenye suruali na kumpa.

"Kazi imepokewa," alisema.

Hapo Domina alitoa kitu alichokuwa amekifunga kwenye ncha ya khanga. Kilikuwa kibati cha shaba. Alikifunga ubavuni mwa machela, kisha akamwita baba yake akisome.

Mzee Anselmi aliinama. Juu palikuwa na namba ya hataza. Chini yake palichongwa: *Uvumbuzi wa Domina Anselmi, Kilosa.*

Alisoma jina la kwanza. Alisoma la pili, ambalo ni lake. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kukisugua kibati.