Rubani Aliyewekewa Mafuta Kila Jioni

Bi Mkubwa ndiye aliyeanza kuisikia ile harufu. Aliingia jikoni kuchemsha maji ya chai, akasimama na birika mkononi, akanusa huku na huku, kisha akamwita mke wa marehemu mwanawe.

"Mama Kamanda, hebu njoo. Nani kamwaga mafuta ya taa humu?"

"Sisi tunapikia gesi, mama. Mafuta ya taa yatoke wapi?"

Alipofika mlangoni Mama Kamanda akaitambua. Hayakuwa mafuta ya taa, yalikuwa mafuta ya ndege. Miaka yote ya ndoa yake harufu hiyo ilikuwa ikitangulia kuingia nyumbani kabla ya mumewe, imeganda kwenye ovaroli na kwenye nywele, naye akimfukuzia bafuni huku akimtania kwamba yeye aliolewa na rubani, si na kituo cha mafuta. Rubani mwenyewe alipotea angani wakati binti yao, ambaye baba mtu alipenda kumwita Kamanda, ndiyo kwanza ameanza chekechea. Sasa Kamanda alikuwa darasa la nne. Mama Kamanda akavuta ile harufu mpaka kifua kikamuuma, na badala ya kuogopa kama mtu mwenye akili zake, moyo ukamruka kwa furaha.

Kazi yake ilikuwa ya kompyuta, katika kambi ya jeshi la anga, ndani ya chumba chenye kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo mchana kutwa. Hapo ndipo marubani walipokaa kabla ya kuruka, wakachora njia yao juu ya ramani, wakaandika uzito wao, uzito wa anayekaa kiti cha nyuma, na mafuta waliyopakia. Programu ikapiga hesabu na kumwambia kila mmoja kama atafika na kama atarudi. Lakini programu yenyewe ilikuwa imezeeka. Bwana Waya, fundi wa mtandao, alisema ukipiga chafya karibu nayo inazima kwa kuudhika. Wakubwa wakaamua iandikwe upya, ifanye kazi kwenye vishikwambi na isome hali ya hewa yenyewe. Mama Kamanda akapewa kuiandika, na kuhamishia humo misheni zote za zamani, yaani kumbukumbu za kila safari ya ndege.

Kikosini kulikuwa na desturi moja. Misheni hufungwa na rubani mwenyewe. Akishatua, hata awe hoi kiasi gani, ataburuza miguu mpaka kwenye skrini na kuandika kwamba amerejea. Kumfungia mwenzako ilikuwa sawa na kumchimbia kaburi akiwa bado anapumua, na hakuna aliyethubutu. Kwa hiyo misheni ya mume wa Mama Kamanda ilibaki wazi. Tatizo ni kwamba programu ya zamani ilikuwa ikihesabu mafuta yanavyopungua, na yakifika sifuri inaandika yenyewe, bila huruma, "Hakurejea".

Jioni ile mumewe alipopotea, wenzake wakiwa nje wanatazama mawingu, Mama Kamanda aliona tarakimu zinakaribia sifuri. Akaongeza mafuta. Kesho yake akaongeza tena. Msako ukasitishwa, mabaki hayakuonekana, watu wakaja kutoa pole na wakaenda zao, yeye akawa bado anaongeza. Kila jioni kabla ya kubeba mkoba wake alimwekea mumewe mafuta, na Ijumaa akamwekea ya kufika Jumatatu. Likizo hakuchukua. Programu haikumuuliza tangi gani hilo lisilojaa, na yeye hakujiuliza, maana alijua jibu na hakulitaka.

Programu mpya ilikuwa na akili zaidi. Aliiandika mwenyewe, na ndiyo iliyomkaba koo. Ilikataa misheni yoyote isiyo na mahali pa kutua, na njia ya zamani ya ndege kutua pale kambini ilikuwa imeshavunjwa na kufutwa kwenye ramani. Angeweza kuandika njia mpya ikaisha. Lakini siku hiyo alikuwa amemkumbuka mumewe hata kukaa kitini kulimshinda. Akaandika latitudo na longitudo za nyumba yake.

"Basi njoo nyumbani," akainong'onezea skrini.

Programu ikakubali. Ilikuwa siku hiyohiyo Bi Mkubwa aliposimama jikoni na birika.

Baada ya harufu zikaja buti. Jua likishazama zilisikika barazani zikivuliwa, moja, halafu ya pili, na ukifungua mlango hukuti kitu. Kisha bomba la bafuni likaanza kujifungua lenyewe. Jioni moja Mama Kamanda alikuwa akipita na nguo za kupiga pasi, akasikia kutoka ndani ya bafu, sauti ileile, na uvivu uleule wa mtu aliyetoka kazini:

"Mke wangu, taulo langu liko wapi?"

Akalitundika kwenye kitasa. Alipolichukua baadaye lilikuwa kavu, ila limekakamaa kwa baridi, na pindo lake lina chembechembe za barafu. Akalikumbatia hivyohivyo.

Jamani, mapenzi yanaweza kumtia mtu upofu mchana kweupe. Mama Kamanda alianza kujipaka wanja. Alianza kuimba akikaanga vitunguu. Alicheka na majirani, alicheka na redio, na Bi Mkubwa, aliyekuwa akilala na taa inawaka na blanketi mpaka puani, akawa anamtazama mkwewe kama mtu anayetazama maziwa yakitaka kufurika.

"Mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini, "aliyeko bafuni siye niliyemzaa."

"Mama, umeisikia sauti yake."

"Nimeisikia. Na nywele zimenisimama. Mtoto wangu akiniita nywele hazinisimami."

Kamanda yeye hakusema neno. Jioni sauti ilimwita, "Kamanda! Njoo tutoke kidogo," naye akaenda kusimama mlangoni, akasikiliza, kisha akarudi kukaa karibu na mama yake. Alikuwa akila vizuri. Lakini sketi ya shule ilianza kumvuka, na asubuhi moja upepo mdogo tu wa uani ulimsukuma mpaka kwenye ukuta. Mama yake akasema ni urefu, watoto wakirefuka hukonda.

Bwana Waya ndiye aliyemfumbua macho bila kujua. Walikuwa wakijaribu programu mpya, akasogeza kiti chake karibu.

"Dada, hii ndege ya shemeji ilikuwa na abiria?"

"Alikwenda peke yake. Kwa nini?"

"Kiti cha nyuma kina uzito. Jana nilidhani ni kosa nikafuta. Leo umerudi, tena umeongezeka." Akajaribu kucheka, kicheko kikamkauka mdomoni. "Hata si uzito wa mtu mzima. Kama mtoto hivi, nusu mtoto."

Mama Kamanda alitoka bila kuaga. Alimchukua binti yake shuleni akampeleka moja kwa moja zahanati, akampandisha kwenye mizani. Muuguzi alitazama, akagonga mizani kwa kidole, akatazama tena. Kilo zilizokuwa zimepungua kwa mtoto ndizo zilizokuwa zimekaa kiti cha nyuma.

Bi Mkubwa hakutaka maelezo zaidi. Alimleta mkunga mstaafu wa mtaa wa pili, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye watu walisema mikono yake imepokea watoto na kutoa wageni wasioalikwa kwa idadi ileile. Mkunga alizunguka nyumba, akanusa taulo, akamshika Kamanda kifundo cha mkono. Kisha akamgeukia mama mtu.

"Unamlisha nini?"

Mama Kamanda akasema yote. Alisema huku ameinamisha kichwa kama msichana aliyekutwa na mimba.

"Mumeo alikufa siku ileile," mkunga akasema taratibu. "Pole, mwanangu, naona hujaambiwa bado na mtu. Huyu ni jini wa huko juu. Alisikia jina linaitwa kila jioni na mwenyewe haitiki, akaitika yeye. Ukamlisha, ukampa na njia ya kuja. Hakuja kukaa. Amekuja kuchukua wa kumjazia kiti."

"Mtoe basi! Nitakupa chochote!"

"Mimi namtoa aliyevamia. Huyu umemkaribisha wewe, utamtoa wewe. Ukaandike kilichotokea kweli. Na usije ukaandika kwamba amerejea, maana hapo utakuwa umempa nyumba na mtoto."

Jioni hiyo Mama Kamanda alikaa mbele ya skrini, Bwana Waya, aliyeshasimuliwa yote, kasimama nyuma yake. Misheni ya mumewe ilikuwa wazi, na chini yake maneno mawili ya kuchagua: "Amerejea" na "Hakurejea". Kiti cha nyuma kilikuwa kikiongezeka wanatazama. Kidole chake kilikataa.

"Desturi, Bwana Waya," akanong'ona. "Hafungiwi mtu."

"Dada, mtoto."

Simu ikaita. Bi Mkubwa alizungumza kwa pumzi, kama mtu aliyejificha chini ya kitanda. "Mwanangu, fanya haraka. Kamanda kavaa viatu, kasimama mlangoni. Nimemkumbatia lakini simsikii mikononi, ni kama nimekumbatia nguo tupu. Mkunga anaomba dua, mlango unafunguka wenyewe."

Kisha mkwaruzo, kisha upepo, upepo mwingi wa juu sana usio na miti wala nyumba za kugonga, na ndani ya upepo huo ikaja sauti ya mumewe, si kwa vitisho wala kwa kishindo, bali kwa upole uleule aliomwambia nao maneno ya kwanza walipokuwa bado wachumba, ikimwambia mke wangu, huku ni baridi, mafuta yamebaki kidogo na taa za nyumba yetu naziona kabisa, niongezee ya leo tu, au andika kwamba nimefika, neno moja tu, nivue buti nikae nawe, na mtoto tutapata mwingine, na yeye, Mama Kamanda, akiwa analia mpaka skrini ikamgawanyika machoni, akaona kidole chake kinakwenda kwenye "Amerejea" na hakukizuia, kwa sababu wakati huo hakutaka kitu kingine duniani, mpaka yale maneno ya mwisho yakamfikia akilini, tutapata mwingine, na akajua kwamba baba wa mtoto wake asingeyasema hata angekuwa anaungua.

Akabonyeza "Hakurejea".

Simu ikapiga ukelele mmoja ambao haukuwa wa mtu, Bwana Waya akaziba masikio, taa za chumba zikafifia zikarudi. Kiti cha nyuma kikasoma sifuri. Mama Kamanda akashuka kitini mpaka sakafuni, karibu na ile ndoo ya kiyoyozi, akamlilia mumewe kilio ambacho wenzake walikuwa wamekilia zamani, wakakimaliza, wakasahau. Bwana Waya akakaa naye chini.

Nyumbani harufu ilikuwa imekwisha. Bi Mkubwa na mkunga walikuwa wamekaa sakafuni kwa uchovu kama watu waliotoka kusukuma gari. Mlango ulikuwa umefungwa, na Kamanda alikuwa mezani anakula sahani ya pili, viatu bado miguuni. Mama yake alimwinua, na uzito wa mtoto ukamwangukia mabegani, uzito mtamu, uliomfanya ayumbe. Alimbeba mpaka kitandani ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa.

Alikaa ukingoni mwa kitanda akitafuta namna ya kulianza jambo ambalo alipaswa kulisema miaka mingi nyuma.

"Mwanangu, nataka kukwambia kuhusu baba yako."

"Najua, mama. Alikufa."

"Nani kakwambia?"

"Bibi. Zamani." Kamanda alivuta shuka mpaka kidevuni. "Na yule hakuwa baba. Nilijua siku ya kwanza tu aliponiita."

Mama Kamanda alihisi baridi kali kuliko ya lile taulo. "Ulijua? Na alivyokuwa anakukondesha hivyo, mbona hukusema, mama? Mbona hukuniambia?"

Mtoto akawa anachezea vidole vya mama yake.

"Ulikuwa umeanza kucheka," akasema. "Nikaona nivumilie tu."