Ritifaa ya Chang'ombe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bilkis alimsaidia baba yake, Mzee Gulamrasul, kupanga bidhaa katika duka lao dogo la Chang'ombe, jijini Dodoma, chini ya bango ambalo baba alilichora mwenyewe. Pakiti za majani ya chai alizisoma kwa kuzisogeza mpaka zikakaribia kugusa pua. Wateja walizoea kumtania kwamba anazinusa.

"Nazinusa nisije nikakuuzia zilizooza," alijibu. Bilkis hakuwa mtu wa kutaniwa akanyamaza.

Moyoni, hata hivyo, hakucheka. Katika darasa la sita alikaa dawati la mbele kabisa, na bado ubao ulikuwa ukungu mtupu. Aliposikia kwamba madaktari wangekuja kuwapa miwani wanafunzi wa Chang'ombe waliopimwa na kukutwa na macho hafifu, alifurahi mpaka akasahau kula.

Kumbukumbu za wanafunzi wote zilikuwa kwenye kanzidata ya shule: jina, darasa, mtaa na majibu ya vipimo vya macho. Kuzipitia moja moja ni kazi ya kutwa. Kwa hiyo Mwalimu Loisi, mlezi wa klabu ya kompyuta, alimwagiza Obedi wa darasa la saba aandike funksheni ya JavaScript, yaani fungu la maagizo, ya kuchagua kumbukumbu zinazotakiwa tu. Obedi aliipa jina "chagua". Ilipita kwenye kila kumbukumbu ikiuliza maswali mawili: mtaa ni Chang'ombe? Macho ni hafifu? Yote mawili yakijibiwa ndiyo, jina linatokea.

Alhamisi klabu ilipokutana, majina yalijipanga kwenye skrini. Bilkis, naye mwanachama wa klabu, aliinama akayasoma toka juu mpaka chini.

"Mimi simo," alisema.

"Basi hustahili," Obedi alijibu bila kugeuka. "Kompyuta haina upendeleo. Labda wewe si wa Chang'ombe."

Bilkis alisogea mpaka ubavuni mwake. "Nimezaliwa Chang'ombe, nalala Chang'ombe, na kompyuta yako haiwezi kunihamisha. Nionyeshe kumbukumbu yangu."

"Ah, Bilkis, yaishe. Nakuandika kwa mkono hapo chini, unapata miwani yako. Mwalimu mkuu anaisubiri orodha."

Lilikuwa jaribu tamu. Angenyamaza tu, wiki ijayo angeusoma ubao kama wenzake. Lakini ikiwa yeye amerukwa bila sababu, ni nani mwingine aliyerukwa?

"Sitaki," alisema. "Siingii dirishani wakati mlango upo. Kama funksheni yako ina kosa, haikunikosea mimi peke yangu."

"Funksheni yangu haina kosa."

"Basi unaogopa nini kunionyesha?"

Wenzao waliguna, mmoja akamwita king'ang'anizi. Bilkis hakusogea. Mwalimu Loisi, aliyekuwa akisikiliza karibu na mlango, alisema, "Mwonyeshe, Obedi."

Kumbukumbu ilifunguliwa. Bilkis alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Macho: hafifu. Mtaa: Changombe. Akarudia kusoma, kisha akatabasamu.

"Hapa hakuna ritifaa, kile kialama kidogo kati ya g na o," alisema. "Wewe umeiagiza itafute Chang'ombe yenye ritifaa, mimi nimeandikwa bila ritifaa. Kwetu sisi ni mtaa mmoja. Kwa kompyuta ni miwili."

Obedi alitazama, akakuna kichwa. Macho yake mazima yalikuwa yamepita hapo mara nyingi bila kuona kitu.

"Basi tuiagize iondoe ritifaa kwanza," alisema kwa sauti ya chini, "ndipo ilinganishe."

Aliandika, akabonyeza. Safari hii orodha ilirefuka. Bilkis alikuwemo. Ritha alikuwemo, na Silvano, na Zablon wa darasa la tatu, ambaye shule nzima ilimwita mvivu kwa sababu hamalizi kunakili ubaoni.

"Samahani, Bilkis," Obedi alisema. "Wewe ni wa Chang'ombe kuliko mimi."

Mwalimu Loisi alisogea katikati yao. "Mashine hutii neno, haijui maana. Ikikosea, aulizwe aliyeiagiza, naye asione haya kusahihishwa. Na wewe Bilkis, ungekubali kupenyezwa jina, Zablon angeendelea kuitwa mvivu. Upendeleo humsaidia mmoja na kulificha kosa. Anayekataa upendeleo na kudai haki huwadaia wenzake pia."

Wiki iliyofuata, Bilkis alirudi nyumbani na miwani usoni. Akiwa bado ng'ambo ya barabara, alilisoma bango la duka kwa mara ya kwanza bila kulisogelea: DUKA LA GULAMRASUL, CHANGOMBE.

"Baba," aliuliza, "fomu yangu ya shule aliijaza nani?"

"Mimi mwenyewe. Kwani kuna nini?"

Bilkis alipita moja kwa moja hadi stoo, akatoka na kopo la rangi na brashi, akaanza kuvuta ngazi.