Anza na Asiyehamishika

Mama Sindano alikuwa hodari wa kushona, hilo halina ubishi. Lakini mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi ulikuwa umemwangusha mara mbili. Huu wa tatu ulikuwa wa mwisho. Mwakani umri wake ungekuwa umepita.

Kila asubuhi, kabla wateja hawajafika, alikariri majibu ya mitihani ya zamani.

"La saba, B. La nane, D."

"Mke wangu, hizo ni namba za simu?" mumewe alimtania.

Siku moja jirani yao, muuguzi mkuu wa wodi, alikuja kuchukua sare yake. Akaliona daftari, akaangua kicheko.

"Mwenzangu, wakibadilisha maswali je?"

Mama Sindano akanywea. "Haya ya kufikiri yananitoa jasho, dada. Hebu ona hili."

Swali lilisema: watu watano wamekaa kwenye benchi. Mpishi hayuko jirani na kinyozi. Dereva hayuko jirani na mpishi. Kinyozi yuko katikati. Seremala yuko mwanzo, kushoto. Mwalimu naye yumo. Nani amekaa nafasi ya nne?

"Mimi huanza na mpishi, kwa sababu ametajwa kwanza. Nambahatisha tu."

"Ndipo unapopotea! Mimi nikipanga zamu za wodi, naanza na asiyehamishika. Aliye likizo, yuko likizo. Wengine nawapanga baadaye."

Akachukua chaki ya kuchorea nguo, akachora vyumba vitano mezani. Kinyozi, cha tatu. Seremala, cha kwanza.

"Haya, mpishi?"

"Cha pili hapana, cha nne hapana... Cha tano! Dereva basi ni cha pili. Ala! Kumbe wa nne ni mwalimu!"

"Umeona? Fanya maswali matano kila siku, ukijipima muda kwa saa. Ukikosa, tafuta ulipokosea."

Alifanya hivyo miezi miwili. Siku ya mtihani alikuta watu saba na magari yao, swali asilowahi kuliona. Akavuta pumzi, akachora vyumba saba.

Majina ya waliofaulu yalipobandikwa, lake lilikuwa la tisa kati ya ishirini. Mwanamke aliyekosa akamshika mkono.

"Dada, umemhonga nani?"

"Sikumhonga mtu," akajibu, machozi ya furaha yakimtoka. "Maswali matano kila siku. Njoo kesho nikuonyeshe."