Zulia la Chini ya Meza

Mtoto wa miaka mitatu akila wali, nusu huenda tumboni na nusu sakafuni. Kila mzazi anajua. Lakini chini ya meza ya Suraya hapakuwa na punje hata moja. Bintiye Melur alimwaga kama watoto wote, ila Suraya akiinama na ufagio alikuta mbao tupu, zinang'aa kana kwamba zimelambwa. Mwanzoni alifurahi. Nani asiyependa kupunguziwa kazi?

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake, Mak Senah: nyumba ya mbao juu ya nguzo, kando ya mto Perak. Sakafu ya jikoni iliachwa mianya ya upana wa vidole vitatu ili maji na makombo yaangukie kuku huko chini. Meza na viti vilikuja na Suraya alipoolewa. Mak Senah aliikubali meza, ila kila akila alikunja miguu juu ya kiti, na hakuishusha hata siku moja. Mwanawe Hazim, mumewe Suraya, humtania, "Mama, kiti si mkeka!" Wote hucheka, naye hucheka kidogo.

Taabu ilikuwa ile mianya. Miguu ya viti ilizama humo kila mara. Siku moja ukazama mguu wa Melur mwenyewe, na Suraya alipouchomoa ulikuwa umelowa, una joto, unanuka kama chungu cha wali kilicholala bila kuoshwa. Hapohapo akaamua: litandikwe zulia.

"Hapo pasifunikwe," akasema Mak Senah.

"Kwa nini, Mama?"

"Pasifunikwe tu, mwanangu. Weka sebuleni, weka chumbani, weka popote."

"Sebuleni nani anamwaga mchuzi?"

Suraya ana kichwa kigumu, nami simlaumu. Mguu ule haukuwa wa jirani. Mama mkwe alipokwenda kusaidia mapishi ya harusi, yeye akatandika zulia zito jekundu, likaziba mianya yote.

Mchana ule punje za wali zikabaki juu ya zulia. Kesho yake, wakiwa mezani, kitu kikagonga mbao kutoka chini, mara tatu, polepole, kama mgeni mwenye adabu.

"Kuku hao," akasema Hazim.

"Kuku hawapiti hapo," akanong'ona mama yake. "Hawajawahi kupita."

Siku ya tatu, karibu na adhana ya magharibi, zulia likainuka katikati na kushuka, likainuka na kushuka, na ile harufu ya chungu kilicholala ikapanda mpaka kwenye sahani zao, na Melur, aliyekwisha kula sahani nne tangu asubuhi, akalilia ya tano huku mashavu yamebonyea na mifupa ya mabega imemtoka.

Wakamwita Tok Leman, mganga wa ng'ambo ya mto. Akainua pembe ya zulia, akanusa, akairudisha upesi.

"Nani anamlisha?"

Mak Senah akainamisha kichwa. "Ni jini wa bibi yangu. Alimchukua amlindie mpunga. Bibi akafa, yeye hakufa. Kila siku namdondoshea tonge la kwanza."

"Basi sikilizeni," akasema Tok Leman kwa sauti ya chini. "Siku saba asionje kitu. Zulia lisifunuliwe. Akikosa, ataondoka, ila kwanza atakula mwilini mwa mtoto, na siwezi kuahidi atabakisha nini. Atakayemlisha sasa kwa mkono wake, huyo ndiye atakayemfuga mpaka kaburini."

"Nimpeleke Melur kwa mama yangu, mjini Ipoh," akasema Suraya.

"Mpeleke hata Makka. Ameshaonja mguu wake."

Siku ya tano Melur hakuweza kuinua shingo. Adhuhuri Hazim alikuwa msikitini, mtoto kalala chumbani, na Suraya amekaa mezani mbele ya wali asioweza kuugusa, akisikia chini ya zulia meno yanayotafuna bila kitu, yakinyamaza kila Melur alipovuta pumzi na kuanza tena alipoitoa, na kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Alijua anachotaka kukifanya, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akapiga magoti, akafunua pembe ya zulia, akapenyeza tonge katika mwanya.

Midomo ikalipokea. Ilikuwa laini, na ikamfuta wali kidole kimoja kimoja.

"Mama, maji," Melur akaita kutoka chumbani.

Mak Senah alikuwa mlangoni, analia.

"Ulijua nitashindwa," akasema Suraya.

"Nilijua. Mimi nilitandika mkeka, mwanangu. Nilifika siku ya nne."

"Alikuwa nani?"

"Hazim. Alikuwa na miaka miwili."

Jioni Hazim akakuta zulia limekunjwa pembeni na bintiye anakula, uso wake umerudi.

"Ameondoka?" akanong'ona. "Mbona saba hazijafika?"

"Kula, Baba Melur," akasema mkewe.

Suraya akafinyanga tonge la kwanza, akainama chini ya meza, akainuka mkono mtupu. Mak Senah akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza tangu meza ile iingie, akaishusha miguu yake sakafuni. Suraya akaipandisha yake.